Ndugu anafungua kesi ileile kila msimu wa korosho, mahakama haiwezi kumzuia?

MamaMikorosho: Habari zenu wakuu. Mama alituachia shamba huku Tandahimba, mtoto wa mjomba akalidai. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilisikiliza mashahidi, likaja mpaka shambani, wazee wakaonyesha mpaka mti kwa mti. Akashindwa. Rufaa Mahakama Kuu Mtwara, akashindwa tena. Sasa hana wakili, anaandika makaratasi mwenyewe na kufungua upya, safari hii kwa jina la mwanawe. Mimi ndiye nalipa wakili na nauli. Minada ikianza tu, samansi hiyo! Naweza kuomba azuiwe kabisa?

Mzee wa Newala: Dada, huyo ni ndugu. Iteni kikao cha ukoo.

MamaMikorosho: Vikao vimekaliwa, shikamoo mzee. Wali tulipika sisi.

Pingamizi: Kwa kuwa ushahidi ulisikilizwa na uamuzi ukatolewa, jibu maombi yake kwa pingamizi la awali: shauri lilikwishaamuliwa, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Ambatanisha nakala za hukumu zote mbili. Mtoto akidai kupitia haki ya baba, jina jipya halisaidii kitu. Omba na gharama. Watu wa kwetu wanaona haya kumdai ndugu gharama, ndiyo maana ndugu hachoki.

Kufungiwa mlango ni habari nyingine. Kenya wana sheria yake, Sura ya 41: Mwanasheria Mkuu anapeleka ombi Mahakama Kuu, likikubaliwa mhusika hafungui kesi bila kibali. California, asiye na wakili akishindwa kesi tano ndani ya miaka saba anaweza kutangazwa msumbufu. Hata huko bado anaweza kuomba kibali.

Paraligo Lindi: Tusiwaite wote wasumbufu. Wazee wengi ninaowasaidia kesi zao ziliondolewa kwa kasoro tu, pengine mipaka ya shamba haikuelezwa. Hao wana haki ya kurekebisha na kurudi. Ila huyu wa dada alishasikilizwa.

MamaMikorosho: Asanteni. Halafu huyo mtoto yuko Dar, sidhani hata anajua kwamba ameshtaki.

Pingamizi: Haa! Basi wakili wako aombe aitwe mwenyewe, aseme kama hiyo sahihi ni yake.