MJADALA: Kwa nini kilele cha Mawenzi bado kinaitwa Hans Meyer?

Wakuu, salaam.

Nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu kadhaa. Kambi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kando ya kiziwa cha Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro, njia ya Rongai, mita 4,300 hivi. Asubuhi jua likipiga ukuta, barafu iliyoshika mawe inalegea, unasikia kokoto zikiporomoka hadi chini. Siku moja mgeni aliniuliza pale juu kabisa panaitwaje. Nikamjibu, Hans Meyer. Akauliza, alipanda lini?

Hakupanda! Meyer, mpandaji wa Kijerumani, alifika kilele cha Kibo, kirefu kuliko vyote Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Ludwig Purtscheller. Mawenzi alijaribu kuupanda, ukamshinda. Waliofika kwanza kwenye zile mita 5,149 ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912.

Najua mtaniambia historia haifutwi. Sawa, lakini kilele cha Kibo kilikuwa cha Kaiser Wilhelm, leo ni Uhuru. Njia ya Marangu, kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, cha Peters (yule mkoloni wa Kijerumani, Mkono wa Damu) kikawa Horombo. Nani amesahau kwamba Wajerumani walitutawala? Mimi naona Mawenzi ulirukwa kwa sababu hauna wapandaji. Jiwe lake bovu, linabanduka mkononi, wala hakuna foleni ya watu wanaopiga picha na kibao. Jina limejificha huko juu miaka yote hii.

Wengine wanataka apewe Mzee Lauwo wa Marangu, anayesemwa kuwa alimwongoza Meyer mwaka 1889. Namheshimu sana, ila kama ni kumkumbuka mtu wa safari ile, mbona Mwini Amani wa Pangani hatajwi? Mswahili wa pwani, alibaki kambini kwenye baridi ile wakati wapagazi wengine wamerudishwa chini.

Hata hivyo, kwangu jina la mtu lisiwekwe kabisa. Wachaga wana hadithi yao: Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, akamchosha mwenzake, Kibo akashika mchi akamtwanga. Ndiyo maana kichwa kimechongoka vile. Jina litoke humo, kwa Kichaga, na waulizwe wazee kabla ya ofisi yoyote.

Watu wa Rombo, ninyi ndio mnaoamka mnautazama. Bibi zenu wanakiitaje kile kilele?