Naomba ushauri: majina yenye ĩ na ũ yanaharibika kwenye printa ya leza

MchapajiBondeni, Nakuru
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina duka dogo la uchapishaji hapa Nakuru, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vyeti vya ubatizo kwa makanisa ya karibu. Programu ninayotumia ni ya zamani na hutuma maandishi moja kwa moja kwa printa ya leza inayoelewa PCL 5e (lugha ya amri za printa), bila kupitia draiva ya Windows, yaani programu inayotafsiri kazi kwa ajili ya printa. Kwenye skrini majina husomeka sawasawa, lakini karatasini Mũthoni hutoka M»thoni, na Mũrĩithi hutoka M»rçithi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiacha pengo na kujaza herufi hizo kwa kalamu, jambo linaloniumiza, kwa kuwa mtoto atakitumia cheti hicho hadi utu uzima. Nimesikia kwamba printa inaweza kupakiwa fonti laini, yaani fonti isiyokuja na mashine bali hutumwa kutoka kwenye kompyuta na kukaa katika kumbukumbu ya printa. Je, mashine yangu itaikubali, na nianzie wapi?

MwalimuMstaafu, Kakamega
Pole kwa usumbufu. Mimi huweka draiva ichapishe maandishi kama picha, na sijawahi kupoteza herufi hata moja. Ukurasa huchelewa kidogo tu.

FundiKondele, Kisumu
Kwa heshima, Mwalimu, njia yako ni nzuri kwa anayepitia draiva, lakini mwenzetu ameeleza kwamba programu yake haipitii huko.

Ndugu Mchapaji, makosa yako yenyewe yanaonyesha chanzo. Katika jedwali la herufi liitwalo Roman-8, ambalo printa nyingi za PCL huanza nalo, namba 181 ni ç na namba 253 ni ». Katika jedwali la ISO 8859-4, namba hizo hizo ni ĩ na ũ. Programu yako inatuma namba sahihi, ila printa inazisoma kwa jedwali jingine. Chapisha orodha ya fonti kutoka kwenye menyu ya mashine. Ukikuta jedwali la ISO 8859-4 limo, lichague na kazi imekwisha. Lisipokuwamo, fonti laini ndiyo dawa, na mashine ya PCL 5e inaipokea. (Wasomaji wengine wajue kwamba printa ndogo zinazotegemea kompyuta kuandaa ukurasa mzima, kama LaserJet 1020, hazielewi PCL na hazipakiwi fonti kwa njia hii.)

Tafuta au tengeneza fonti yenye ĩ katika namba 181 na ũ katika namba 253, pamoja na herufi zao kubwa katika 165 na 221. Kisha tuma kwanza amri ya kuipa fonti namba ya utambulisho, ambayo ni Esc*c100D (Esc ni herufi isiyoonekana, namba 27, inayoiambia printa kwamba kinachofuata ni amri), halafu faili lenyewe la fonti kwa amri ya copy /b. Bila /b kompyuta inaweza kulikata faili katikati, kwa kuwa itadhani imefika mwisho wa maandishi. Fonti ya nukta, yaani ile ambayo kila herufi yake ni picha ya vidoti, huhitaji faili lake kwa kila ukubwa, na ukubwa ukiongezwa mara mbili kumbukumbu inayotumika huwa karibu mara nne, kwa hiyo pakia ule unaouhitaji tu.

MchapajiBondeni, Nakuru
Nashukuru sana. Jedwali hilo halimo kwenye orodha, kwa hiyo nimepakia fonti ya pointi 12 na kuweka Esc(100X, amri ya kuichagua fonti hiyo, kwenye sehemu ya programu inayoandikwa amri za kuanzia. Cheti cha kwanza kimetoka safi kabisa, na nimekitazama kwa muda mrefu kwa furaha. Cheti cha pili kimerudi kuwa na ».

FundiKondele, Kisumu
Bila shaka programu yako hutuma Esc E kila inapomaliza cheti. Amri hiyo huirudisha printa katika hali yake ya mwanzo na kufuta kila fonti iliyopakiwa kama ya muda, na fonti yoyote huwa ya muda mpaka uagize vinginevyo. Ukimaliza kuipakia, tuma Esc*c5F, nayo itakuwa ya kudumu. Usiiondoe Esc E kwenye programu, kwa maana ndiyo inayozuia mipangilio ya cheti kimoja kuingia katika kingine.

DukaLaKaratasi, Bungoma
Naongeza jambo moja lililonisumbua mwenyewe. Huko "kudumu" hudumu mpaka stima ipotee, kwa sababu fonti hukaa katika kumbukumbu inayofutika mashine inapozimwa. Mimi nimeziweka amri zote katika faili moja la .bat, ambalo kompyuta hutekeleza amri zake kwa mfuatano, na kila printa inapowashwa nalibofya kabla ya kupokea kazi yoyote.

MchapajiBondeni, Nakuru
Nimetuma Esc*c5F na kuchapa vyeti kumi na vinne mfululizo; kila ĩ na kila ũ imekaa mahali pake. Faili la .bat nimeliandaa pia, na nimebandika karatasi juu ya printa ili kijana anayefungua duka asubuhi alikumbuke. Kesho nitawapigia simu wazazi ambao vyeti vyao nilivijaza kwa kalamu, niwachapie upya bila malipo.