Shule yetu hutangaza yaliyopita kwa picha za rangi na yajayo usiku wa kuamkia siku yenyewe: wazazi tumechoka

Ndugu wanajukwaa, naanzisha uzi huu baada ya kuvumilia kwa mihula mitatu, kila muhula nikijiambia kwamba huu ndio wa mwisho na ujao mambo yatanyooka. Nina watoto wawili katika shule ndogo ya jamii, iliyoanzishwa na wazazi wenyewe na kuongozwa na kamati ya wazazi na walimu, shule ambayo mwalimu mkuu wake anawajua wanafunzi wote kwa majina. Sitaitaja, kwa kuwa sina nia ya kumwaibisha mtu, na kwa upande wa ufundishaji sina neno. Walimu wanajituma na watoto wangu wanasoma vizuri. Kinachonitoa moshi ni jinsi shule hii inavyotoa habari zake, na hasa jinsi inavyotangaza shughuli zinazokuja.

Nianze na jarida la habari, ambalo huniudhi zaidi kwa sababu linapendeza. Hutoka kila mwisho wa mwezi, kurasa 4 za rangi, na ukilishika mkononi utadhani ni la shule isiyo na tatizo lolote. Toleo lililopita nililikalia nikalihesabu: lina picha 26, na 9 kati ya hizo ni za mgeni rasmi aliyekuja kuzindua rafu za vitabu. Yumo akishuka garini, yumo akikata utepe, yumo ameshika kitabu kilichogeuzwa juu chini, na yumo akipeana mikono na wajumbe wa kamati mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mjumbe asiyepigwa picha hakuwapo. Sina ugomvi na mgeni huyo. Rafu tulizihitaji na leo zina vitabu. Lakini shughuli zijazo zilipewa mistari miwili tu chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zote, nami nainakili kama ilivyo: “Kutakuwa na kikao cha wazazi hivi karibuni. Wazazi wote mnaombwa kuhudhuria bila kukosa.”

Hivi karibuni ni lini? Mzazi anayefanya kazi kwa zamu hawezi kusimama mbele ya msimamizi wake akaomba ruhusa ya hivi karibuni. Anayemwachia jirani mtoto mchanga hawezi kumwambia jirani huyo ajiandae hivi karibuni. Pamoja na hayo, wale wale walioshindwa kuandika tarehe hawakushindwa kuandika “bila kukosa”, na kikao kikifika huita majina na kuwaandika wasiohudhuria kuwa ni wazazi wasiojali elimu ya watoto wao.

Tarehe kamili hufika, nisije nikaonekana mzushi, ila hufika usiku. Chukueni mfano wa Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku hiyo mwaka 2021, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2022, na tangu hapo haijasogea hata kwa siku moja. Ujumbe wa kumtaka kila mtoto aje na shairi la beti 4 alilolitunga mwenyewe, lenye vina na mizani, uliingia katika simu yangu tarehe 6 Julai, saa 4:17 usiku. Binti yangu ana miaka 9 na wakati huo alikuwa amelala fofofo. Nikatunga mimi, huku nimefura, na wanaoujua ushairi watanielewa nikisema kwamba mizani 8 kwa 8 haimjii mtu anayesinzia. Ubeti wa tatu ulipungukiwa na silabi moja, na mwalimu akauzungushia wino mwekundu. Ndivyo ilivyo pia kwa Siku ya Walimu Duniani, ambayo imekuwa tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994, na kwa Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, ambayo imekuwa tarehe 8 Septemba tangu mwaka 1967, kabla baadhi ya wajumbe wa kamati hawajazaliwa. Ingekuwa ni sikukuu inayosubiri mwezi uandame, ningenyamaza, kwa maana hiyo kila mtu huiwekea siku mbili za kukisia na hakuna anayelalamika. Hizi nyingine zimechapishwa katika kalenda ya ukutani iliyoning'inia katika ofisi ya shule.

Kisha kuna suala la saa, na hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Siku ya maonyesho ya kazi za wanafunzi ilitangazwa, kwa bahati njema, siku 3 kabla, na tangazo likasema yangeanza “saa 9:00”. Halikusema asubuhi wala alasiri. Mimi ni mtu wa Kiswahili; kwangu saa 9 ya mchana ni saa tisa alasiri. Kumbe mwandishi wa tangazo aliinakili kutoka katika ratiba ya kompyuta, ambako 9:00 ni saa tatu asubuhi, na zile saa 6 za tofauti akaniachia mimi nizitafute. Nikabadilishana zamu, nikafika saa tisa kasorobo nikijiona nimewahi. Uwanja ulikuwa umekwisha kufagiwa, viti vimepandanishwa kumi kumi ukutani, na mwanangu mdogo ameketi kwenye ngazi ya darasa akiwa amepakata kipimamvua alichokitengeneza kwa chupa ya plastiki na rula, kazi iliyomchukua wiki 2. Hakulia. Aliniuliza kama nilipotea njia. Mwalimu wake ndiye aliyenieleza baadaye kwamba zamu ya mtoto ilipofika asubuhi aliomba wampitishe mwenzake kwanza, halafu mwingine, na mwingine, mpaka akabaki wa mwisho, akaeleza namna chombo chake kinavyofanya kazi huku akitazama langoni. Somo la kusoma saa hufundishwa katika madarasa ya chini ya shule hiyohiyo.

Njia za matangazo nazo ni vurugu tupu. Tuna makundi 4 ya WhatsApp: la wazazi wote, la darasa, la michango, na moja liitwalo “Habari Muhimu” ambalo ndilo lenye habari chache kuliko yote. Tangazo huangukia katika kundi lolote kati ya hayo kwa kutegemea kidole cha anayeliandika kimegusa wapi, na likishaanguka hufuatiwa na shukrani, dua, viganja vilivyokutanishwa na salamu za asubuhi zenye maua, hadi lenyewe linazikwa chini ya ujumbe 80. Wasimamizi wanaweza kuliwekea kundi utaratibu wa wao pekee kuandika, na ujumbe wowote unaweza kubandikwa juu ya kundi kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Badala ya kufanya hivyo, msimamizi mmoja aliwasha utaratibu wa ujumbe kujifuta wenyewe, na kati ya muda wa saa 24, siku 7 na siku 90 unaoruhusiwa akachagua ule wa saa 24, kwa hiyo tangazo la Jumamosi asubuhi la kuahirisha siku ya michezo lilikuwa limetoweka kabla wengine hatujafungua simu Jumapili jioni. Tarehe mpya ya michezo ilikuja kwa ujumbe wa sauti wa dakika 6 na sekunde 40, na imo humo kweli, katika dakika ya tano, baada ya salamu, pole, shukrani kwa wadau na maelezo marefu ya hali ya nyasi.

Wapo waliofungiwa nje kabisa. Mzazi mmoja wa darasa la binti yangu haoni, na simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Shule ikituma bango lenye maua na herufi za dhahabu, simu humwambia “picha” na kunyamaza. Yupo pia bibi anayelea wajukuu wawili kwa simu ya kitochi, ambaye habari zote huzipata kwa wajukuu wenyewe, na mnajua habari ya mtoto wa miaka 7 inavyofika nyumbani. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160. Nimejaribu kuandika: “Kikao cha wazazi wa darasa la 3, Alhamisi tarehe 14, saa 9:00 alasiri, chumba cha darasa la 3. Ajenda: mitihani na kalenda ya muhula.” Haufiki hata herufi 140, na hauhitaji maua.

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo ni uzembe wa mwalimu aliyepewa kazi ya habari, na nikiri kwamba nilimsema vibaya kwa wenzangu. Wiki iliyopita nikaona ni haki nimwendee mwenyewe. Ni mwalimu anayefundisha madarasa mawili, na jarida analiandaa baada ya saa za kazi bila malipo yoyote ya ziada. Hakujitetea, alifungua daftari lake akanionyesha. Kila shughuli ya muhula imeandikwa humo, na mbele ya karibu kila moja, mahali pa tarehe, ameandika neno moja kwa penseli: “inasubiri”. Nilipouliza inasubiri nini, alicheka kidogo, akasema inasubiri mgeni rasmi athibitishe.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira yangu ikahama kwake ikaenda kwa wenye nayo. Kamati yetu haipangi tarehe. Huandika barua ya kumwalika mtu mzito, hukaa ikimsubiri, naye kwa kuwa ana shughuli zake hujibu siku mbili kabla au usiku uleule, ndipo simu zetu zinapoanza kulia. Siku ya michezo haikuahirishwa kwa sababu ya nyasi. Iliahirishwa kwa sababu mgeni alipata safari. Shule yenye watoto wanaohitaji kujiandaa, walimu wanaohitaji kufanya mazoezi nao, na wazazi wanaohitaji kuomba ruhusa makazini, inaendeshwa kwa kalenda ya mtu mmoja ambaye hana mtoto pale na ambaye akifika huketi saa moja na kuondoka. Halafu ndiye anayepata picha 9, na mtoto wa kipimamvua hayumo hata pembeni.

Nililifikisha jambo hili kwa mjumbe mmoja wa kamati kwa adabu zote. Jibu lake lilikuwa kwamba shule yetu ni ndogo, sisi sote ni familia moja, na mambo ya kalenda rasmi na matangazo ya maandishi ni ya shule kubwa zenye makarani. Jibu hilo silikubali. Udogo ndio unaoirahisisha kazi: darasa la watoto wachache halihitaji karani, linahitaji mtu mmoja aamue tarehe na kuiheshimu. Na hiyo familia inayosemwa ina watu wa sebuleni na watu wa uani. Wanaoishi karibu na lango na wanaokunywa chai na wajumbe hujua kila kitu mapema bila tangazo lolote, na hao ndio unaowaona kwenye picha wameketi mstari wa mbele. Sisi wa mbali, wenye zamu, wenye simu za kitochi, ndio ambao majina yetu husomwa kama wasiojali.

Ninachokidai hakigharimu kitu. Kamati ikutane kabla muhula haujaanza, ipange tarehe za shughuli zote, izichape katika karatasi moja, kila mtoto aende nayo nyumbani na nyingine ibandikwe langoni kwa ajili ya yeyote apitaye. Mgeni akiweza kuja tarehe iliyopangwa, karibu sana na tutampigia makofi. Asipoweza, watoto waendelee na mzazi yeyote akate utepe. Tarehe ikilazimika kubadilika kwa sababu ya mvua au msiba, tuelezwe kwa maandishi ya kawaida, saa iandikwe pamoja na asubuhi, alasiri au jioni, na liwepo kundi moja tu la matangazo ambalo hakuna anayetoa salamu ndani yake. Na jarida, kwa heshima yote, lianze na yajayo katika ukurasa wa kwanza. Yaliyopita tuliyaona, au tuliyakosa, na picha haziturudishi.

Najua watakaokuja kuniambia nimhamishe mtoto kama sijaridhika. Jiwe moja la msingi wa yale madarasa nilisaidia kulibeba mimi, na sihami. Najua pia watakaosema mambo ya ndani ya shule hayaletwi jukwaani. Nao nawajibu kwamba ndani nimeyapeleka mara 3, na mara ya tatu niliambiwa niandike barua. Barua nimeiandika, ina sahihi za wazazi 11, akiwemo yule asiyeona, ambaye aliniomba nimsomee mara mbili kabla ya kutia dole gumba. Kama yupo humu ambaye kamati ya shule yao iliwahi kukubali kupanga kalenda bila kumsubiri mgeni, naomba anieleze walianzaje na waliwashawishi vipi wajumbe, kwa sababu natakiwa niiwasilishe barua hiyo katika kikao kijacho cha wazazi, ambacho tarehe yake, hadi ninapoandika haya, haijatangazwa.