Mrejesho: Kutoka kanda hadi kadi, harusi za Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza nipange vipi kamera na programu ya kuhariri, kwa kuwa naacha kanda ndogo za video za MiniDV na kuhamia kamera ya kadi ya kumbukumbu. Nimefuata ushauri wenu, na video ya harusi ya kwanza nimeshaikabidhi kwa wenyewe.

Kilichonifaa zaidi ni fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo usiku wa kupamba taa za mirija zilitulia kabisa, hakuna michirizi inayopanda na kushuka juu ya uso wa bibi harusi. Anayeanza akikuta kamera imewekwa fremu 30, aibadilishe kwanza, na projekti ya kuhariri nayo iwe 25. Mchana Shela, jua na mchanga mweupe, shata hiyo huingiza mwanga mwingi mno na kuunguza picha. Aliyenishauri ninunue kichujio cheusi cha lenzi cha kupunguza mwanga, Mungu akuzidishie. Kubana tundu la lenzi hadi dogo sana, f/22, kungepunguza ukali wa picha.

Kompyuta yangu ni ya zamani, video kubwa ya 4K iliyobanwa kwa mfumo wa H.264 inailemea. Nahariri kwa nakala nyepesi, zenye picha ndogo, kisha programu inarudia faili asili wakati wa kutoa video.

Kanda za zamani nazihamishia kwenye kompyuta zilivyo, pikseli 720 kwa 576, kama GB 13 kwa saa. Ile mistari ya kupishana, inayoonekana kama meno ya kitana kitu kinaposogea, naiondoa kwenye nakala tu. Harusi za mama zetu zimo humo, siwezi kuzichezea.

Sasa nahitaji msaada wa maikrofoni: upepo wa kusi unameza sauti zote za vigelegele.