Naomba ushauri: matangazo yanatufuata hadi kwenye siri za nyumbani

Wakuu, nipo Mwanjelwa, Mbeya. Mke wangu alitafuta habari za ugumba kwenye simu yangu. Tangu siku hiyo, hata nikifungua bei za mchele, linachomoza tangazo la kliniki ya uzazi. Juzi mama mkwe akaliona. Mke wangu alilia usiku kucha, nami imeniuma sana.

Uingereza wananchi waliipigia kelele kampuni ya Phorm, iliyofuatilia watumiaji wa intaneti kwa ajili ya matangazo, na BT, kampuni kubwa ya simu na intaneti ya huko, ikaachana nayo 2009. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume ya kuisimamia ipo.

Nataka tukusanye saini hapa Mbeya. Nianze na saini au malalamiko Tume? Aliyewahi kulalamika, alidaiwa ushahidi gani? Picha za skrini ninazo.