Naomba ushauri: kuhamisha data za mwalo kutoka SQLite kwenda PostgreSQL

Karani_wa_Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Nina programu ndogo ya wavuti niliyowatengenezea wafanyabiashara wa dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mzigo ukishuka, karani anaingiza mwenye mali, magunia, kilo, na nani kachukua kwa mkopo. Nilianza na databesi ya SQLite kwa kuwa ni faili moja tu, na makarani walikuwa wawili. Sasa wapo tisa. Boti za Ukerewe na Goziba zikifika kwa pamoja alfajiri, simu zinagoma: databesi imefungwa. Karani anarudi kwenye daftari, mimi natukanwa. Nataka kuhamia PostgreSQL, databesi ya seva inayopokea waandikaji wengi kwa pamoja, ila sitaki deni la mtu lipotee. Nianzie wapi?

Fundi_Mabatini: Washa WAL kwanza, mabadiliko yaandikwe faili la pembeni ili wanaosoma wasisubiri, amri moja tu: PRAGMA journal_mode=WAL. Watu mnakimbilia seva kubwa kwa kufuata mkumbo.

Karani_wa_Kirumba: Niliwasha mwezi uliopita, mkuu. Wanaosoma walipata nafuu. Shida yangu ni wanaoandika, na SQLite inaruhusu mmoja kwa wakati.

Fundi_Mabatini: Basi hama.

Dada_wa_Igoma: Mdogo wangu, kubeba data si kazi. Kuna zana inaitwa pgloader, inasoma faili la SQLite lenyewe na kumwaga kila kitu PostgreSQL. Kazi ipo kwenye uchafu. SQLite ni mpole mno: safu umeitangaza ya namba, mtu akiandika "debe 3" inapokea na kunyamaza. PostgreSQL itakataa. Piga nakala ya faili, uendeshe hii humo ikuonyeshe kilo zilizoandikwa kwa maneno:

SELECT id, kilo FROM mizigo WHERE typeof(kilo) = 'text';

Halafu PRAGMA foreign_key_check. SQLite haisimamii funguo za nje (viungo kati ya jedwali na jedwali, kama deni na mdaiwa wake) mpaka uiwashie, kwa hiyo usishangae kukuta madeni ambayo mdaiwa wake alishafutwa.

Mawili yaliyonikesha mimi: ukihamisha kwa skripti yako mwenyewe, kaunta ya id inabaki 1, na mzigo wa kwanza kuingizwa unagongana na wa zamani. Irekebishe kwa setval, amri ya PostgreSQL ya kupanga kaunta. La pili ni LIKE, ya kutafuta maneno. Kwa SQLite "mama neema" anampata "Mama Neema". Kwa PostgreSQL hampati, tumia ILIKE.

Mzee_wa_Karabai: Kompyuta siijui, dagaa nawajua. Usihamishe wakati wa giza. Subiri mbalamwezi, wavuvi wakipumzika mwalo unapoa wenyewe.

Dada_wa_Igoma: Shikamoo mzee, umetushinda sote. Siku hiyo zima uandikaji, hamisha, kisha linganisha jumla ya madeni ya kila mteja pande zote mbili. Idadi ya mistari peke yake inadanganya. Na faili la zamani usilifute.

Mzee_wa_Karabai: Marahaba.

Karani_wa_Kirumba: Nimeendesha ile ya typeof. Jamani! "debe 3", "gunia dogo", "kama 40 hivi". Hii ya mwisho niweke 40?

Dada_wa_Igoma: Thubutu! Ongeza safu ya maelezo, hamishia maneno humo kama yalivyo, kilo iache tupu mpaka mwenye mzigo athibitishe. Na kwenye fomu zuia herufi, la sivyo kesho yatarudi.

Karani_wa_Kirumba: Sawa dada. Ila "kama 40 hivi" zote kaandika karani mmoja, naye ni mama yangu mdogo. Namwambiaje?

Fundi_Mabatini: 😂😂 Hapo hata pgloader haisaidii. Nenda na soda.