Karatasi ya STAAR, mtihani wa jimbo la Texas, inasema mtoto "hakufikia". Je, atarudia darasa?

MamaBahati
Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Texas na watoto shuleni.

Tuko Fort Worth mwaka wa pili sasa, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Jana napanga begi la mwanangu wa kiume, nikakuta karatasi chini kabisa, imekunjwa mara nne. Ina jina lake, mistari ya rangi na neno STAAR. Nikamwita dada yake wa darasa la saba anisomee. Akasoma kimya, akamtazama mdogo wake, ndipo akasema, "Mama, hakufikia kiwango." Mtoto akaangua kilio palepale.

Ameanza la nne mwezi huu. Kule kambini ukishindwa mtihani unarudia, basi. Watamrudisha la tatu? Kuna na barua ya saa za ziada za masomo, ni adhabu? Halafu mwezi wa tatu alifanya mtihani mwingine, akivaa vifaa vya masikioni na kuongea na kompyuta. Ule ulikuwa wa nini? Kiingereza changu ni cha sokoni tu. Nisaidieni.

BabaNeema
Pole sana mama Bahati. Harudishwi kwa sababu ya STAAR. Wangu alipata hivyohivyo akiwa la tano, leo yuko la saba. Usimgombeze mtoto.

MsaidiziDarasani
Dada, mimi ni msaidizi wa mwalimu shule ya msingi hapa Texas, ngoja nikueleze taratibu.

Watoto wote wa shule za umma, kuanzia la tatu hadi la nane, hupimwa kusoma na hisabati kila mwaka kwa STAAR, maana sheria ya shirikisho inadai hivyo. La tano na la nane wanaongezewa sayansi, la nane pia maarifa ya jamii. Majibu yana ngazi nne: hakufikia, anakaribia, amefikia, amebobea. Wazazi wengi huona "anakaribia" wakadhani mtoto ameanguka, kumbe hapo tayari amepita.

Zamani wa la tano na la nane waliweza kurudishwa kwa mtihani huu. Sharti hilo lilifutwa 2021. Mtihani unaanza kumbana mtoto akifika sekondari ya juu, kwa sababu kuna mitihani mitano ya STAAR ya kupita ndipo ahitimu.

Saa za ziada si adhabu, ni haki yake. Asiyefikia kiwango anapewa saa 15 au 30 za kufundishwa kwenye kikundi kidogo, kwa kawaida watoto wasiozidi wanne, na hulipi hata senti. Mkubalie aende!

Ule wa kuongea na kompyuta ni TELPAS. Wanaufanya wanaojifunza Kiingereza tu, kupima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Nimekaa na watoto wakiufanya. Wapo wanaojua jibu kabisa, ila kipaza sauti kikiwaka wananyamaza. Mzoeshe nyumbani, ajirekodi kwenye simu akieleza picha kwa Kiingereza.

Kwenye karatasi yako kuna namba ya mtoto ya kuingilia TexasAssessment.gov. Humo unaona kila swali na alichojibu. Fanya hivyo kabla hujaenda shuleni.

DadaFuraha
Naongezea moja, na hili linaniuma. Msimfanye binti awe mkalimani wa mambo ya mdogo wake. Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilikuwa napunguza maneno ili mama asilie, na yeye akakosa kujua mengi.

Shule inatakiwa kukupa mkalimani bure, msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964. Piga ofisini useme tu "Swahili interpreter, please". Hata kwa simu wanampata.

BabaNeema
STAAR yenyewe inaondoka. Kuanzia mwaka wa masomo 2027–28 watafanya mitihani mitatu mifupi: mwanzo, katikati na mwisho wa mwaka.

MamaBahati
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeingia kwa ile namba. Kwenye hisabati amepata mengi kuliko nilivyodhani. Ila kwenye kusoma kuna mahali pa kuandika insha, na yeye kaandika sentensi moja tu. Nimemuuliza kwa upole. Akasema alikuwa anatafuta herufi kwenye kibodi, akachoka.

MsaidiziDarasani
Hilo ndilo la kumpelekea mwalimu! Mwoneshe sentensi hiyo, muulize: anajua cha kusema akakosa kuchapa, au kuandika kwenyewe ndiko kunakomshinda? Msaada wa haya mawili haufanani. Muulize pia saa zake za ziada zitakuwa za kuandika au za hisabati.

MamaBahati
Nimepiga ofisini nikasema kama alivyonifundisha dada Furaha. Wamenipa Alhamisi saa tisa alasiri, mkalimani atakuwepo kwa simu. Binti nimemwambia abaki nyumbani.